Mara ya Kwanza Kuanguka

Kwa Kaka yangu mkubwa, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Shikamoo tena. Na ya tatu naiweka akiba, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuniitikia hata moja.

Habari za huko? Mgongo wako unasemaje, bado unagombana nao ukitoka chini ya magari? Mimi mdogo wako sijambo, kwa kadiri ya mtu anayevaa kofia ngumu ya pikipiki ndani ya nyumba na hana pikipiki. Hilo nitakueleza. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi. Aliponiona nashika kalamu akasema nikusalimie, kisha akasema nisikusalimie, kisha akarudi kutoka uani akiwa na mwiko mkononi akasema haya, msalimie. Hesabu mwenyewe umepata ngapi.

Utanisamehe kwa mwandiko. Unajua mimi na shule tuliachana mapema, na kusema haki shule ndiyo iliyoniacha. Lakini barua hii naiandika mwenyewe, neno kwa neno. Sikumpa fundi cherehani wa jirani aniandikie, ingawa mwandiko wake umenyooka kama mshono wake, kwa sababu humu mna mambo ambayo sitaki yapite mkononi mwa mtu mwingine kabla hayajafika kwako.

Basi lile la kwanza ni hili. Nina kifafa, Kaka. Nimeliandika haraka nisije nikalizunguka. Mimi, Gia Tano, niliyekuwa nashuka ule mteremko wa kambini huku nakula karanga kwa mkono mmoja, siku hizi siruhusiwi kubeba jagi la chai. Mama ameweka sheria nyingi kuliko zile za kambini. Vikombe vyote vya plastiki. Visu kavificha mahali hata yeye mwenyewe vinampotea, juzi tumekula kitunguu kilichokatwa kwa uzi. Godoro langu liko sakafuni. Ile kofia aliinunua kwa watu wa mitumba, imepasuka upande mmoja, na nisipoivaa ananuna mpaka jioni. Kinyozi naye hataki tena kunishika na wembe. Anasema eti mkono wake ni mzuri ila kichwa changu hakiaminiki. Ukiniona na hizi ndevu utadhani mimi ndiye mkubwa na wewe ndiye mdogo.

Na bafuni, we acha tu. Mlango haufungwi. Mama anakaa nje juu ya kigoda, ananipa mgongo, na kila baada ya dakika moja anaita kuuliza kama nipo. Nami namjibu nipo. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Mara moja nilitaka kumtania, nikanyamaza. Kaka, yule mama mwenye magoti mabovu aliingia bafuni kabla sijavuta pumzi ya pili, na uso niliouona pale sijawahi kuuona kwa mtu yeyote, hata kule tulikokuwa. Sijarudia.

Najua utauliza inakuwaje. Inaanza na harufu ya mpira unaoungua. Hakuna mpira, hakuna moto, lakini pua yangu inanusa tairi. Kisha kidole gumba cha kushoto kinaanza kupiga chenyewe, tap tap tap, kama mtu anayejaribu honi. Hapo najua nimebakiwa na muda wa kuhesabu mpaka kumi, siku nyingine mpaka sita. Halafu hakuna kitu. Si giza, maana giza unaliona. Nikirudi nakuta nyuso zimeinama juu yangu, ulimi una ladha ya damu, suruali imelowa, na watu wamesimama mbali kana kwamba nitawarukia. Nilianguka bombani, akina mama wakakimbia wakaacha ndoo zao. Aliyenigeuza ubavu ni fundi cherehani peke yake, na tepu yake ya kupimia ikiwa shingoni. Alisema baadaye alifikiri nimekufa, akaamua kwamba hata kama nimekufa nisifie kifudifudi.

Naogopa, Kaka. Sijawahi kukuandikia neno hilo, wala hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Naogopa ndoo ya maji. Naogopa kuvuka barabara. Naogopa kulala kwa sababu sijui nitaamkia wapi, na nikiamka naogopa kidole changu mwenyewe. Hata sasa hivi naandika huku nimekikalia.

Mama ndiye aliyenisukuma niende kwenye ofisi ya masilahi ya askari wa zamani. Alisema nilienda jeshini na kichwa kizima, basi walionirudisha na kibovu wanilipe cha kila mwezi, ninunue vidonge bila yeye kukopa. Vidonge hivyo ndivyo vinavyoshikilia uzi, Kaka. Nikivikosa siku mbili naanguka mara tatu. Kwa hiyo nikaenda.

Ofisi yenyewe ni korido ndefu yenye benchi moja, na ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi. Tunakaa pale kama paredi ya vyuma chakavu: huyu hana vidole, yule anatembea ubavu ubavu, na mimi na kofia yangu. Jirani yangu wa benchi ni sajenti mmoja mzee ambaye bomu lilimfunga masikio, tunamwita Sajenti Rudia, maana lolote utakalomwambia atakujibu rudia. Ndiye aliyenifundisha kazi ya pale. Alisema kosa letu sote ni moja. Karani akiita namba yako, mwili unasahau kuwa umestaafu. Unaruka, unakaza magoti, kifua mbele, na ukiulizwa hali yako mdomo unajibu wenyewe kwamba uko imara, afande. Na karani anaandika alichosikia: mwombaji yuko imara. Yeye mwenyewe walimwandika hivyo miaka minne mfululizo, eti anasikia vizuri, kwa sababu kila akiona midomo ya karani inacheza alipiga saluti na kusema ndiyo.

Nikamcheka sana. Kisha namba yangu ikaitwa, nikaruka, nikakaza magoti, nikasema niko imara.

Karani wetu ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, Mama Faili. Hakuandika. Alinitazama kofia, akatazama ulimi wangu unavyoburuta maneno, akaniambia nikae chini nianze upya, na safari hii nijibu kama mtoto wa mtu. Alivuta faili langu akakuta ile karatasi ya kuagia jeshi. Unaikumbuka. Sina malalamiko yoyote ya afya, sahihi yangu chini. Sote tuliisaini, maana aliyelalamika alibakizwa wiki tatu nzima kupimwa huku wenzake wanapanda gari kurudi kwao. Mama Faili akasema karatasi hiyo imewamaliza askari wengi kuliko risasi.

Lakini akasema mimi nina bahati. Hospitali walinibandika waya kichwani, wakaona kovu ndani ya ubongo, upande wa kulia. Na ndani ya faili kuna ripoti ya ajali ya lori, ambamo nilipasuka kichwa na kuvunjika mkono. Basi akasema mambo yamenyooka: askari ameumia kazini, ajali haikuwa kosa lake, kifafa kimetokana na ajali. Ripoti ile ina nguvu kuliko sahihi yangu. Imebaki fomu moja tu. Akaigeuza kwangu, akaweka kidole chake juu ya mstari mmoja: mara ya kwanza kuanguka, tarehe, mahali, na aliyeshuhudia. Alisema niandike tarehe yoyote iliyo baada ya ajali, na chini nithibitishe kwamba maelezo ya ripoti ya ajali ni ya kweli. Kisha nitie sahihi, niende nyumbani kwa mama.

Nikaisoma ile ripoti. Nilikuwa sijawahi kuisoma, Kaka. Imeandikwa kwa taipu, safi kabisa. Inasema breki za lori hazikushika. Inasema fundi aliyelikagua asubuhi hiyo alisaini kitabu bila kufanya kazi yake. Namba yako ya jeshi ipo. Cheo chako kipo, na mstari umepigwa juu yake.

Nikashika kalamu. Ndipo nikanusa tairi.

Niliporudi, kichwa changu kilikuwa pajani mwa Sajenti Rudia, naye anawafokea watu wasogee, na kila aliyejibu aliambiwa arudie. Mtandio wa Mama Faili ulikuwa umekunjwa chini ya shingo yangu. Juu ya fomu, pale pa sahihi, kulikuwa na mstari wa wino uliokimbia mpaka ukingoni ukaendelea juu ya meza. Mama Faili alikuwa na machozi. Alisema sasa ameona kwa macho yake, hakuna mkubwa atakayebisha, nirudi Alhamisi atakuwa na fomu nyingine safi.

Siku zile mbili sikulala. Nilifika Alhamisi, nikakaa, wala sikuruka wala kukaza magoti, nikamwambia Mama Faili kitu ambacho sasa nakuambia wewe. Ulistahili kukisikia kabla yake, najua. Lakini yeye alikuwa na meza kati yetu. Wewe nilikuogopa.

Kaka, unakumbuka siku ya daraja, lile kombora lililoanguka upande wa pili wa mto? Niliwaambia wote kwamba lilinipeperusha kofia tu. Nilikuwa naringa. Lilinitupa kichwa kwenye rimu ya gurudumu, nikalala pale sijui muda gani. Sikwenda zahanati kwa sababu, unaujua utaratibu: dereva akigongwa kichwa, wanamnyang'anya ufunguo mwezi mzima. Nani angeniita Gia Tano bila ufunguo?

Na unakumbuka wiki tano baadaye, mchana, karakanani. Ulikuwa chini ya lori, miguu yako tu ndiyo iliyoonekana, mimi nimekaa juu ya tairi nakusimulia uongo wangu kuhusu yule dada wa kantini. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Ulitoka mbio na spana mkononi. Nilipofumbua macho, koti lako lenye grisi lilikuwa chini ya kichwa changu na ulikuwa umenishika taya. Nilikuambia ni homa. Ukaniuliza mbona ulimi unatoka damu, nikasema niliuuma nikila. Ulitaka kunibeba kwa mganga wa kikosi, nikakushika mguu nikakusihi, nikakuambia ukinipeleka hutaniona tena kama ndugu. Ukasema kama ni homa basi kesho nisiendeshe. Siku tatu mfululizo uliniuliza homa imeisha? Nami nikakujibu niko gia tano.

Ile haikuwa homa. Ile ndiyo mara ya kwanza kuanguka. Aliyeshuhudia ni wewe.

Ajali ilikuja siku ya kumi na moja. Nilikuwa nimebeba mifuko ya unga, na mpishi amekaa kando yangu, nikimwonyesha jinsi mteremko unavyoshukwa na wanaume. Nikanusa tairi. Kidole kikaanza kupiga juu ya usukani. Nikakanyaga breki. Nisikilize vizuri hapa, Kaka: nikakanyaga breki, na lori likatii. Likapunguza, likanyenyekea, lingesimama pale pale mahali salama. Mpishi akanicheka, akaniuliza kama Gia Tano ameona nyoka. Nikaona aibu. Nikajiambia itapita. Nikaachia breki nikakanyaga mafuta. Kilichofuata naambiwa tu. Mpishi alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anachechemea.

Yule ofisa wa uchunguzi alikuja kitandani kwangu nikiwa bado nimefungwa bendeji. Aliniuliza ni breki? Alinipa neno lile mkononi kama anayenipa maji. Nikasema ndiyo, breki hazikushika. Naapa kwa mama, nilidhani nalisingizia gari. Lilikuwa bovu, zee, halina wa kulililia. Nilisahau kwamba gari lina fundi, na fundi ni wewe.

Nilikuwa na siku nane za kusema ukweli kabla hawajakusimamisha mbele ya kikosi. Nilikutazama dirishani pa wodi ukivuliwa cheo. Ulikuwa ukisema kitu, midomo ilikuwa inacheza. Nilikuja kuambiwa baadaye ulisema nilizikagua kwa mkono wangu, nilizikagua kwa mkono wangu. Na mimi nikavuta pazia. Baada ya pale nilipelekwa kulinda stoo ya mablanketi, na nikianguka nilianguka humo, hakuna aliyeniona, na nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu na imetosha.

Haikutosha. Mwezi uliopita dereva mmoja aliyepita hapa alisema anakufahamu. Alisema uko gereji, lakini hugusi breki. Unaziba pancha tu na kujaza upepo, na gari la breki likija unajifanya unatafuta kitu nyuma ya nyumba. Kaka. Wewe uliyekuwa unasikia ugonjwa wa gari kwa mlango wake unavyofungwa. Kwa hiyo hata wewe uliamini. Kila mtu alipoacha kukuamini, na wewe ukajiacha.

Mama Faili alivua miwani nilipomaliza. Alisema kombora la daraja limo katika kumbukumbu za kikosi, kwa hiyo hata kwa njia hiyo naweza kulipwa, lakini lazima awepo mtu aliyeniona naanguka kabla ya ajali. Bila mtu huyo, kinachobaki kwenye karatasi ni dereva aliyejijua mgonjwa akaendesha akamvunja mwenzake, na dereva wa namna hiyo faili lake halibaki mezani kwake Mama Faili, linapanda juu kwa watu wengine. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Alisema masikio yake hayana mhuri, naweza bado kuichukua ile fomu nyingine. Nikaandika ukweli, kurasa mbili, nikasaini. Alinipa siku thelathini za kuleta shahidi. Zimebaki kumi na tisa. Nikisikia gari likisimama nje nafikiri ni wale wa juu.

Fomu ya shahidi imo ndani ya bahasha hii. Sikuombi unionee huruma. Ukiijaza, jaza uliyoyaona tu, miguu yako chini ya lori na mengine yote. Usipoijaza nitaelewa, na nitaenda watakakonipeleka, na mama nitamwambia mwenyewe kabla hawajaja, maana bado hajui. Anadhani huji nyumbani kwa sababu alikukatalia kumwoa yule binti mshonaji uliyempenda.

Lakini kuna karatasi nyingine ndogo, nimeikunja peke yake. Hiyo si ya kujaza. Nimeandika humo kwamba breki zilishika, kwamba fundi alizikagua sawasawa, na jina langu, na namba yangu ya jeshi. Kama barua hii utaichoma, hiyo usiichome. Nakala yake iko kwa Mama Faili. Mwonyeshe mwenye gereji. Kisha mwambie akupe gari la breki, uingie chini.

Nakomea hapa, kidole kimeanza kuchoka kukaliwa. Wasalimie mafundi wenzako, waambie mdogo wako alikuwa dereva hodari, hilo peke yake sikulitia chumvi. Mama anaita kutoka uani, ananiuliza nipo? Nimemjibu nipo. Nimegundua jambo, Kaka. Kila nikishamjibu, hanyamazi moja kwa moja. Anageuka anaitazama njia kidogo, midomo inacheza, kama vile swali lile lile amelituma kwa mtu mwingine na anangoja.

Ile shikamoo ya tatu nimekuwekea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa Gia Tano, sasa abiria tu.